Kisangani, mji wa Lumumba, isiuze urithi wake kwa panga

Mwezi wa sita 2022, jeneza lenye jino la Patrice Emery Lumumba, kitu pekee kilichobaki cha mwili wake, lilipitishwa hapa Kisangani, na watu walitoka kwa wingi kulipokea. Haikuwa bure. Hapa ndipo alipofanya kazi ya posta, na hapa ndipo siasa yake ilipopata nguvu.

Lakini tunakumbuka nini hasa? Chama chake cha MNC, kilichoundwa mwezi wa kumi 1958, kilidai uhuru kwa njia ya mazungumzo ya amani. Kiliita Wakongomani wote bila kuuliza kabila. Lumumba mwenyewe alikuwa Mtetela wa Sankuru, na Kisangani ilimchukua kama mtoto wake.

Mwisho wa mwezi wa kumi 1959, machafuko yalizuka katika mji huu, uliokuwa ukiitwa Stanleyville. Askari wa koloni walipiga risasi, raia wakafa, na Lumumba akafungwa. Wakaaji walikuwa na kila sababu ya kulipiza kisasi. Mwezi wa kumi na mbili walimjibu Mbelgiji kwa kura: MNC ilishinda uchaguzi wa mji huku kiongozi wake akiwa gerezani. Tarehe 21 mwezi wa kwanza 1960 alihukumiwa miezi 6. Siku chache baadaye aliachiliwa akaenda Brussels kwenye mazungumzo, na tarehe ya uhuru ikapangwa: 30 mwezi wa sita.

Tusimfanye malaika. Alipokuwa waziri mkuu, jeshi la serikali yake liliua raia huko Bakwanga, mwezi wa nane 1960. Hilo nalo ni somo: bunduki ikishatangulia, hata mwenye haki huchafuka.

Leo, ng'ambo ya mto, komini ya Lubunga inalijua somo hilo kwa uchungu. Tangu mwanzo wa 2023, mzozo wa ardhi kati ya Wambole na Walengola umeua watu, umechoma nyumba na kufukuza familia nyingi. Vijana waliosoma jina la Lumumba shuleni wamebeba mapanga dhidi ya jirani zao.

Serikali haiwezi kutuma askari tu na kunyamaza juu ya chanzo. Ieleze wazi nani alipewa ardhi ipi, na kwa idhini ya nani. Wauaji wapelekwe mahakamani, wawe wa upande wowote. Viongozi wa kimila waache kuzungumzia Kinshasa tu. Wakae pamoja na watu wao vijijini.

Na wewe kijana, anayekuletea panga kwa jina la kabila anakurudisha nyuma ya mwaka 1958. Wazee wako, risasi zikiwa bado masikioni, walipanga mstari wa kupiga kura. Nao walishinda.