Aliyezuiwa amezuiwa
Naomba niseme jambo moja kuhusu mchezo wa karata wa Magic: The Gathering, maana ndilo linalogombanisha watu mezani. Kiumbe akishazuiwa, amezuiwa. Hata ukimuua mzuiaji kwa karata ya Lightning Bolt kabla ya madhara kuhesabiwa, mshambuliaji wako hampunguzii mpinzani hata pointi moja ya uhai, labda awe na uwezo wa kukanyaga (trample). Huyo hupitisha nguvu zake zote. Na kukanyaga kukikutana na mguso wa kifo (deathtouch) ndiyo raha yenyewe: kiumbe mwenye nguvu 6 akizuiwa na jitu lenye uimara 5, pointi 1 inatosha kuliua, 5 zote zinamwangukia mchezaji. Wanaoanza waonyeshwe hili kwa karata halisi mezani, tena mapema.