Unga, Iliki na Vidole vya Mtoto

Na Zuhura Mwinyimkuu

Mtu atokaye Posta kwa miguu, akapita Mnazi Mmoja na kuingia Kariakoo, hupokewa na harufu ya iliki, mdalasini na karafuu kabla hajamwona muuza viungo mwenyewe. Ilhali katika maduka ya jirani hukuta vikopo vya donge la kuchezea watoto, lenye rangi kali na manukato ya kiwandani, lililovushwa bahari ili liuzwe kwa wazazi ambao unga na chumvi wanavyo jikoni.

Donge lenyewe silitii ila. Lile maarufu liitwalo Play-Doh, lililokuwa hapo awali dawa ya kusafishia karatasi za ukutani huko Cincinnati, Marekani, liligeuzwa kichezeo mwaka 1956, na mwaka 2018 harufu yake ikasajiliwa kuwa alama ya biashara; nao wenye mali walijua walifanyalo, kwani habari za pua hufika upesi mno katika sehemu za ubongo zihifadhizo hisia na kumbukumbu.

Lakini mama zetu wa pwani, wakandapo unga wa maandazi, tangu kale humkatia mtoto kinyunya chake akakifinyanga atakavyo. Desturi hiyo ndiyo nitakayo iingie darasani, hasa katika shule kama Uhuru Mchanganyiko, ambamo watoto wasioona husoma pamoja na wenzao waonao. Vikombe viwili vya unga wa ngano, kimoja cha chumvi, vijiko viwili vya mafuta na maji ya vuguvugu kiasi cha kukandika vyatosha. Kisha donge ligawanywe, fungu moja litiwe iliki iliyosagwa (ni ghali, walakini punje chache zatosha), jingine tangawizi, la tatu mdalasini, hata mtoto asiyeona aweze kuchagua fungu lake bila kushikwa mkono, na vidole vyake vipate nguvu kabla ya kukabidhiwa mashine ya nukta nundu.

Hadhari ni lazima. Chumvi hiyo ni nyingi, mtoto asiachwe kuila. Mafuta ya karafuu yasitumike kabisa, kwani ni makali na huweza kumdhuru. Mdalasini uwe kidogo, usije ukamwasha ngozi. Na ambaye ngano humdhuru asipewe.

Naziomba basi kamati za shule za Ilala, zinapopanga manunuzi ya madarasa ya awali, zitenge fungu la unga, chumvi na viungo, na zianze na watoto wasioona.