Kioo Bapa au Kioo Mbinuko? Suala la Mvuta Karavani

Kila kiangazi nchini Uingereza, barabara kuu ziendazo pwani na milimani hujaa magari madogo yavutayo karavani, yaani zile nyumba ndogo za magurudumu ambamo familia hulala wakati wa likizo. Dereva wa gari la namna hiyo ana shida ambayo dereva wa kawaida hana. Kioo cha ndani hakimwonyeshi chochote isipokuwa ukuta wa karavani yake. Vioo viwili vya pembeni navyo, kwa kuwa vilitengenezwa kulingana na upana wa gari na si wa karavani, humwonyesha sehemu kubwa ya ukuta huohuo. Kwa sababu hiyo sheria ya nchi ile humtaka afunge vioo vya ziada vinavyochomoza nje zaidi, kila mara karavani inapokuwa pana kuliko sehemu ya nyuma ya gari. Asipofanya hivyo aweza kutozwa faini ifikayo pauni 1,000 na leseni yake kutiwa pointi 3.

Sheria hiyo ni njema, lakini haimwondolei mnunuzi swali akutanalo nalo dukani: achukue kioo bapa au kioo mbinuko? Muuzaji aghalabu hukisifu kioo mbinuko kwa hoja kwamba kinaonyesha eneo kubwa zaidi. Hoja hiyo ni ya kweli, na hata hivyo ushauri huo ni mbaya kwa kioo cha upande wa dereva. Mwenye kuufuata hupata upana wa kuona, na kwa upana huo hupoteza uwezo wa kukadiria umbali, ambao ndio unaomwokoa anapotaka kuhama kutoka mstari mmoja wa barabara kwenda mwingine.

Kwanza ieleweke hasara ya kutokuwa na vioo vya ziada kabisa. Ichukuliwe kwamba ukingo wa nje wa kioo cha gari uko mita 1.00 kutoka mstari wa katikati ya gari, na kwamba karavani ina upana wa mita 2.30, hivyo ubavu wake uko mita 1.15 kutoka mstari huo. Pembe ya mbele ya karavani iwe mita 5 nyuma ya kioo. Mwale utokao nyuma hauna budi kupita nje ya pembe hiyo ndipo ukifikie kioo. Kwa hiyo, kwa kila mita 5 za kwenda nyuma, mpaka wa kuona husogea nje kwa sm 15. Mita 60 nyuma ya kioo mpaka huo umekwisha kufika mita 2.80 kutoka katikati, yaani mita 1.65 nje ya ubavu wa karavani. Katika ukanda huo uliofichika, pikipiki pamoja na mpanda wake yaweza kusafiri bila dereva kujua kwamba ipo. Kioo kikisogezwa nje kupita ubavu wa karavani kwa sm chache tu, ukanda wote hutoweka. Hapana haja ya kukisogeza mbali mno, na sheria ya Uingereza hairuhusu kichomoze zaidi ya sm 25 nje ya ubavu.

Sasa kuhusu umbo la kioo chenyewe. Kanuni namba 46 ya Umoja wa Mataifa, ambayo hufuatwa na Uingereza na nchi nyingi za Ulaya, yaruhusu vioo vikuu vya pembeni vya magari madogo viwe mbinuko, ila nusu kipenyo cha uviringo kisipungue mm 1,200. Kioo cha kipimo hicho cha chini kina urefu wa fokasi wa mita 0.6. Gari lenye kimo cha mita 1.5 likiwa mita 30 nyuma ya kioo, hesabu ya kidato chochote cha fizikia yaonyesha kwamba taswira yake iko sm 59 nyuma ya uso wa kioo, na kimo cha taswira hiyo ni sm 3 kasoro kidogo. Jicho la dereva likiwa mita 1 kutoka kwenye kioo, taswira huonekana ndogo sawasawa na gari ambalo lingetazamwa katika kioo bapa likiwa mita 80 nyuma. Mita 30 zimegeuka kuwa 80. Ikiwa gari hilo linakuja kwa kasi inayoizidi ya karavani kwa mita 10 kila sekunde, dereva adhaniaye kwamba ana sekunde 8 kwa hakika anazo 3.

Watetezi wa kioo mbinuko hujibu kwamba jicho huzoea, na kwamba madereva wengi wa Ulaya wamezoea vioo mbinuko tangu siku ya kwanza ya kujifunza udereva. Ni kweli. Lakini mazoea hayo ni ya uviringo wa kioo kimoja, yaani kile cha gari lao. Kioo cha ziada chenye uviringo mwingine kikifungwa kando yake, dereva hupata taswira mbili za gari lilelile, zenye ukubwa tofauti, na zote mbili hazina kipimo cha kweli. Akifunga kioo bapa ataona pia taswira mbili zisizolingana, walakini moja kati yake itakuwa inasema kweli.

Je, kioo bapa hakitambania dereva eneo la kuona? Kanuni iliyotajwa yataka dereva aone barabara kwa upana wa mita 4, kuanzia mita 20 nyuma ya macho yake. Kioo bapa ambacho upana wake, kikitazamwa kutoka kwenye kiti cha dereva, ni sm 20, na ambacho kiko mita 1 kutoka jichoni, huonyesha upana unaozidi mita 4 kidogo kwa umbali huo. Kinatosha. Upande wa abiria ndiko hoja ya muuzaji inakopata nguvu. Huko kioo kiko kama mita 1.6 kutoka jichoni, na kioo bapa cha ukubwa uleule huonyesha mita 2.7 tu. Basi huko kioo mbinuko chenye uviringo wa wastani kinafaa. Marekani, ambako dereva hukaa kushoto, kanuni ya usalama ya magari madogo imefikia mgawanyo huohuo: kioo cha upande wa dereva ni lazima kiwe bapa, na kile cha upande wa abiria kikiwa mbinuko huandikwa onyo kwamba vitu viko karibu zaidi kuliko vinavyoonekana.

Jambo jingine ambalo wanunuzi hulipuuza ni mkono unaokishika kioo. Kioo kikizunguka kwa pembe fulani, mwale uakisiwao huzunguka kwa mara mbili ya pembe hiyo. Kwa hiyo mtetemo wa nusu digrii, ambao mkono mrefu na mwembamba huupata kwa urahisi upepo unapovuma, huupeleka mwale digrii nzima, na kwa umbali wa mita 60 hiyo ni zaidi ya mita 1. Taa ya pikipiki huwa mstari uliokorogeka. Kioo kizuri kinachotikisika hakina faida kuliko kioo duni kilichotulia, na mnunuzi angefanya vyema kukitikisa mkono wa kioo dukani kabla hajaulizia bei. Alama ya herufi E ndani ya duara, pamoja na namba ya nchi iliyokiidhinisha (11 kwa Uingereza, 1 kwa Ujerumani), nayo itafutwe.

Karavani ni nadra katika barabara za Afrika Mashariki, lakini dereva wa hapa pia hukaa kulia, na matela yaliyo mapana kuliko gari huvutwa kila siku. Mwalimu wa fizikia anayetaka somo la vioo litoke nje ya ubao aweza kuazima kioo mbinuko cha pikipiki kutoka gereji na kununua kioo bapa cha ukubwa huohuo. Mwanafunzi mmoja asimame nyuma ya wenzake, mahali wasipopajua, nao wamtazame kwa kioo kimoja kisha kwa kingine, na kila mmoja aandike makadirio yake kabla utepe wa kupimia haujakunjuliwa.