Mabeki Wetu na Lawama Zetu

Muhula huu timu yetu ya kandanda ilifungwa mabao 4 hapa hapa kiwanjani kwetu, nasi watazamaji tukamlaumu kipa peke yake. Mimi nami nilimzomea, na tunalala bweni moja! Sasa naona tulikosea. Mabeki walipanda mbele wasirudi. Hata Taifa Stars kule Misri mwaka 2019 iliongoza mara mbili dhidi ya Kenya, ikafungwa 3–2. Katika mechi 3 iliruhusu mabao 8. Washambuliaji twawashangilia, lakini ni nani aliyepata kumpigia makofi beki aliyebaki nyuma? Kipa wetu asema hachezi tena. Nimemwomba radhi, hajanijibu.