Mayai ya yule dogo si viza, acheni uonevu!

Nilisema siandiki mpaka test ziishe, lakini leo nimeudhika, siwezi kulala na hili rohoni.

Kuna dogo anapita hosteli kila jioni na ndoo ya mayai ya kuchemsha, chumvi na pilipili kwenye kikopo. Mnamjua. Wiki hii wateja wamemkimbia. Kisa? Ukimenya yai lake, gamba linaondoka na nusu ya ute, unabaki na kitu kama kimetafunwa na panya. Basi habari zikasambaa kwamba anauza mayai mabovu. Jana mtu mzima, mwaka wa tatu, tena wa Education kama mie, kamwambia mbele za watu, "Peleka huko mayai yako viza!" Dogo kanyamaza. Na mie nilikuwepo, nikanyamaza vilevile. Hilo ndilo linaloniuma.

Sasa sikilizeni. Yai viza halisubiri limenywe ndio ulijue, harufu tu itakutoa chumbani! Yai linalong'ang'ania gamba mara nyingi ni jipya. Dogo mwenyewe kaniambia ameacha kununua dukani, anachukua kwa mama mmoja mfugaji: kuku wakitaga asubuhi, jioni yako sufuriani. Yaani tunamwadhibu kwa kutuletea mayai mazuri zaidi. Kazi kwelikweli.

Yai likitoka kutagwa, ute wake una kaboni dayoksaidi ndani. Gamba lina maelfu ya vitundu visivyoonekana, na siku zinavyopita hewa hiyo inatoka, ute unazidi kuwa alkali. pH inapanda kutoka kama 7.6 hadi karibu 9. Ute wenye pH ya chini ukipikwa unashikamana na utando wa ndani ya gamba. Yai likikaa wiki hivi, mshiko unalegea. Ndio maana yale yaliyozunguka kwenye maduka yanamenyeka kama ndizi mbivu, na sisi tunayasifia!

Rumeti wangu kasema, "Si ayaweke wiki nzima basi?" Dada, mtaji wa kulaza trei wiki nzima anautoa wapi? Wewe mwenyewe bumu halilali siku tatu.

Dawa iko kwenye kupika. Jumamosi nilinunua mayai 12 kwa mama huyohuyo, nikapikia kwa shangazi (warden akipita hapa asome vizuri, KWA SHANGAZI, sina jiko chumbani). Sita niliyaanzisha kwenye maji ya baridi, na chumvi juu, kama tulivyofundishwa nyumbani. Sita nikasubiri maji yachemke kabisa, nikayashusha kwa kijiko taratibu, dakika 12, moto wa wastani. Yote yakaingia kwenye maji baridi robo saa. Yale ya kwanza, mawili tu yalitoka salama. Chumvi haikusaidia kitu. Ya pili, matano yalimenyeka safi, la sita lilipasuka mapema, nadhani nililiangusha. Maji ya moto yanaugandisha ute wa pembeni ghafla, haupati muda wa kujishika na utando. Halafu anzia kumenya upande mnene, kule kwenye kifuko cha hewa, sio pale kwenye ncha.

Najua atatokea mtu kusema mayai sita sita sio utafiti. Sawa, leta yako. Ila yule wa mwaka wa tatu hakupima hata moja, na mwakani anaingia darasani kufundisha watoto wa watu sayansi. Mtoto akileta jibu asilolijua atamwambia nini, viza?

Leo jioni nilimsubiri dogo getini nikamweleza habari ya maji ya moto. Kacheka, kasema, "Dada, si mngeniambia tangu Jumatatu?" Nikanunua matatu, bado ni ya mapishi ya zamani. Nimeyala na kijiko.