Breki za Nyuma Zisisahauliwe Mafia

Barabara ya lami kutoka Kilindoni hadi Utende imefupisha safari iliyokuwa ya jasho na vumbi, na kivuko cha MV Kilindoni kinavusha magari kutoka Nyamisati. Hayo ni maendeleo, nasi tunayapokea kwa mikono miwili. Lakini lami huleta mwendo, na mwendo hudai breki. Gari lililokuwa likijikongoja mchangani sasa laweza kukimbia, likiwa na breki zile zile za mchangani. Hapo ndipo wasiwasi wetu unapoanzia.

Magari madogo yaliyokwisha kutumika Japani, ambayo wananchi wa nchi hii huyanunua kwa wingi, mengi yao yana breki za dramu katika magurudumu ya nyuma. Dramu ni mfano wa chungu cha chuma kizungukacho pamoja na gurudumu. Ndani yake mna vipande viwili vilivyopinda kama mwezi mchanga, ambavyo mafundi huviita shuu, navyo hutanuka na kuibana dramu dereva akanyagapo pedeli. Sehemu kubwa ya kazi hubebwa na breki za mbele. Kwa sababu hiyo za nyuma zaweza kufa kabisa na dereva asihisi neno, maadamu yu peke yake na barabara ni kavu. Atahisi siku amepakia watu na magunia ya nazi, uzito umelalia nyuma, na ng'ombe amekatiza njia. Tena handibreki nayo hushika magurudumu hayo hayo. Gari lililosimamishwa juu ya kivuko, abiria wakiwa wamesimama mbele yake, linategemea dramu mbili ambazo pengine hazijafunguliwa tangu lilipoondoka Yokohama.

Kisiwa nacho kina adui zake. Mchanga laini huingia ndani ya dramu na kuikwangua kama msasa. Maji ya chumvi hula chuma, na yakipenya sili ya beringi, grisi huharibika na kutu huanza kuchimba gololi. Beringi ya namna hiyo haikai kimya: huvuma, sauti ikipanda kadiri mwendo unavyopanda, na gurudumu likiinuliwa kwa jeki na kutikiswa kwa mikono, huchezacheza. Mwenye gari aongezaye sauti ya redio ili asiusikie mvumo huo anachezea roho za watu, kwani beringi ikifikia mwisho wake gurudumu laweza kujamu, au hata kung'oka.

Kwa hiyo ni busara kuzishughulikia dramu na beringi kwa pamoja, maadamu gurudumu limekwisha kufunguliwa. Ila kazi ifanywe kwa ukamilifu. Dramu hubadilishwa zote mbili, ya kulia na ya kushoto, la sivyo gari huenda likavutwa upande mmoja. Beringi mpya haipigwi nyundo ovyo, maana pigo likipita katika gololi huacha alama zitakazoanza kuvuma baada ya muda mfupi. Husukumwa kwa mashine ya kugandamizia. Sili iliyovuja ibadilishwe, kwani shuu mpya zikiloweshwa na grisi ni fedha iliyotupwa. Na vumbi la ndani lisipulizwe kwa mdomo: shuu za zamani zilitiwa asbesto, nayo huleta saratani ya mapafu. Kitambaa kibichi chatosha.

Jambo tunalotaka kulitilia mkazo zaidi ni namba. Juu ya dramu nyingi kiwanda huandika kipenyo cha ndani ambacho haipasi kuvukwa. Dramu iliyoanza na milimita 200 mara nyingi mwisho wake ni 201. Milimita moja tu! Ikipita hapo ukuta wake umekuwa mwembamba, hupata joto upesi na huweza kupasuka. Jicho haliwezi kuiona milimita hiyo. Mtu wa Baleni au Kirongwe aagizaye dramu ya mtumba kwa simu kutoka Dar es Salaam huletewa chuma kilichosuguliwa kikang'aa, naye huridhika. Hata akigundua kuwa kimekwisha, kukirudisha ni nauli nyingine ya kuvuka bahari. Basi hukifunga hivyo hivyo.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera, fedha za kigeni ziliadimika na magari yakasimama juu ya mawe kwa kukosa vipuri. Fundi aliyebuni namna ya kulitembeza gari siku zile alistahili heshima, na hatumlaumu. Leo maduka ya Kariakoo yamejaa, na udhuru ule umekwisha. Hata hivyo iko desturi iliyosalia ya kuliziba bomba la breki la gurudumu linalovuja, gari likarudi barabarani na breki za magurudumu matatu. Huo si ufundi.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 hairuhusu gari bovu kutembea barabarani. Lakini ukaguzi unaotazama taa, honi na matairi hauwezi kuyaona yaliyo ndani ya dramu. Tunashauri gari la abiria lisipewe stika kabla ya magurudumu yake ya nyuma kufunguliwa na dramu kupimwa mbele ya mkaguzi. Halmashauri ya Wilaya, kwa kushirikiana na VETA, iwapelekee mafundi wa chini ya miembe mafunzo mafupi pale Kilindoni, pamoja na mashine moja ya kugandamizia beringi na kipimo kimoja cha dramu, vitumiwe na gereji zote kwa ada ndogo. Wenye magari nao waungane kuagiza dramu mpya kwa jozi, wagawane gharama ya kuvusha mzigo.

Kazi hiyo ianze na magari yanayochukua abiria kati ya Kilindoni na Utende, nayo ikamilike kabla ya mwezi Oktoba, wageni wa papa potwe waanzapo kuwasili.