Mtoto Aambiwe Kweli

Katika nyumba nyingi, Kalemie na mahali pengine, mama akishikwa na ugonjwa mkubwa, wakubwa husemezana kwa sauti ya chini. Mtoto akiingia, hunyamaza. Akiuliza, huambiwa, "Nenda kacheze, mama atapona kesho." Wakubwa hufanya hivyo kwa upendo. Lakini mtoto ana macho. Huona sahani ya mama inarudi na chakula chote. Kesho inafika, wala mama haponi. Basi mtoto hubaki peke yake na hofu yake.

Kuna sinema moja inayoonyesha neno hili vizuri. Jina lake ni A Monster Calls. Ilitoka mwaka 2016, nayo imetokana na kitabu cha Patrick Ness. Aliyewaza hadithi hiyo kwanza ni mwandishi Siobhan Dowd, lakini alikufa kwa kansa mwaka 2007, kabla hajaiandika.

Katika sinema hiyo, kijana Conor, mwenye miaka 12, alikaa Uingereza na mama yake. Mama alikuwa na kansa. Alijaribu dawa hii na hii, na kila mara alimpa mwanawe tumaini. Usiku mmoja, saa sita na dakika saba, mti mkubwa uliosimama karibu na kanisa na makaburi uligeuka jitu, ukaja mpaka nyumbani kwake. Jitu lilisema kwamba litamsimulia hadithi tatu, na ya nne ataisimulia Conor mwenyewe, nayo iwe ya kweli.

Conor alikataa. Hasira ikamjaa. Akavunja vyombo vya nyanya yake, akampiga mwenzake shuleni. Mwisho akasema kweli yake. Kila usiku aliota kwamba mama anaanguka shimoni, naye amemshika mkono, kisha anamwachilia. Alikuwa amechoka kwa uchungu, akatamani uishe. Kwa hiyo alijiona mbaya kabisa. Jitu likamfundisha kwamba wazo si tendo. Mtoto aweza kumpenda mama kwa moyo wote, na bado kutamani maumivu yaishe. Ndipo Conor akaweza kukaa karibu na mama yake, akamshika sana.

Wengine watasema, "Mtoto ni mdogo, kweli itamvunja." Lakini kilichomvunja Conor ni kile alichokificha. Tena kweli ina kipimo. Mtoto hapewi mzigo wa mtu mzima. Aambiwe jina la ugonjwa, kazi ya dawa, na nani atakayempikia. Watu wa Kalemie wanakijua kipindupindu, kinachoenea kwa maji machafu. Mtoto asiyeambiwa kitu aweza kudhani kansa nayo huambukiza, akaogopa kumkaribia mama. Kansa haiambukizi. Neno hilo moja likisemwa, mtoto atakaa kitandani kwa mama bila woga.

Wazee walisema: Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mama aweza kufa hata mtoto akiambiwa kweli. Lakini mtoto aliyeambiwa atapata nafasi ya kumwaga mama yake.

Maulizo
1. Kwa nini Conor alijiona mbaya?
2. Jitu lilimfundisha nini?
3. Mtoto ambaye mama yake ni mgonjwa aambiwe nini?